Tulipofuturu kwa Jua la Makka

Mimi ni mgonjwa wa redio, na nalisema hili mapema ili asije mtu akanihurumia katikati ya safari. Si redio ya taarifa ya habari na salamu za wapendanao. Hiyo kila mtu anayo, siku hizi imo hata ndani ya simu. Ugonjwa wangu ni wa masafa ya kati, yale yaliyoandikwa AM kwenye redio za zamani, ambayo wengi kijijini kwetu wanadhani yalishaharibika. Wakifungua mchana hawasikii ila mikwaruzo, basi wanarudi kwenye muziki wao. Hayajaharibika hata kidogo. Yanasubiri jua lizame.

Wageni hupanda mwamba wa Irente ili waone mbali. Mimi husikia mbali nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko la baba, huku juu upande wa Mgwashi, miguu ikiwa bado na udongo wa karoti. Redio yangu niliipata sokoni Lushoto kwa muuza mitumba aliyekuwa anaitumia kuzuia turubai lisipeperuke. Kioo chake kina ufa. Waya wangu ni wa shaba, nimeuzungusha kutoka kwenye mota ya pampu iliyoungua, nikaufunga juu ya mti wa mgrivea na kuuvuta hadi dirishani. Waya wa pili umezama ardhini pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo, maana ardhi yenye unyevu hutuliza makelele. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilijaribu, nikakosea, nikajaribu tena mpaka usiku mmoja nikamnasa mtu anayezungumza Kifaransa cha visiwani, nikaruka nikapiga kichwa kwenye mlango wa jiko.

Furaha ya kitu hiki siwezi kumweleza mtu asiyekijua. Unasogeza kile kishale taratibu, taratibu kuliko unavyopenyeza uzi kwenye sindano. Mikwaruzo, mikwaruzo, kisha chini yake kabisa kuna kitu kinachopumua. Unasimamisha mkono. Unaigeuza redio yenyewe, kwa kuwa redio hizi zina upande wa kusikilizia, na ukiipa mgongo stesheni yenye nguvu ile dhaifu iliyokuwa imefunikwa inatokeza. Ni Mwajemi? Ni Mhindi? Maneno sielewi hata moja, na moyo unanidunda kama naitwa jina langu. Mtu yuko chumbani kwake ng'ambo ya bahari, anazungumza, hajui kwamba sauti yake imetua kwenye kabichi za Usambara! Kama hilo si muujiza, basi sijui muujiza ni nini.

Baba alikuwa na jibu. "Ni makelele, mama," alikuwa akiniambia. Baba huniita mama kila anapotaka kunipinga kwa upole. Nilirudi kwake ndoa yangu ilipokwisha, tunalima pamoja, na mambo yote tunaelewana isipokuwa lile la waya kwenye mgrivea.

Jambo moja nililijua mapema, nalo ndilo lililotuletea yote. Giza lina upande linakotoka. Sauti za masafa ya kati husafiri mbali gizani tu, kwa hiyo jioni wanaoanza kufika ni wale ambao kwao usiku umeshaingia: wa mashariki kwanza, na katika miezi ya mwanzo wa mwaka, wa kaskazini pia, maana siku zao wakati huo ni fupi kuliko zetu. Jua letu likiwa bado linaning'inia, wao wameshawasha taa. Nilikuwa nakaa pale nyuma ya jiko nikiwapokea mmoja mmoja.

Sasa niwaeleze kazi ya baba. Msikiti wetu uko nyuma ya mgongo wa mlima, na kipaza sauti chake kimeelekezwa barabarani kwenye maduka. Huku kwenye mteremko wetu adhana hufika kwa hisani ya upepo. Upepo ukiwa mwema unaisikia nzima. Ukigeuka unaambulia vipande, sauti inavimba, inafifia, inarudi. Ndiyo maana tangu enzi za babu, mwezi wa Ramadhani mteremko huu una mtu wa kuita. Babu aliita mpaka alipokufa, na baada yake akashika baba.

Jioni baba husimama kwenye ukingo wa shamba akitazama jiwe jeupe lililo juu ya mlima wa ng'ambo, ambalo ndilo la mwisho kuachwa na jua. Jiwe likizimika anasubiri kidogo, anasikiliza kama upepo umeleta chochote kutoka msikitini, kisha anaweka kiganja sikioni na kuita kwa Kishambaa kwamba jua limezama. Nyumba ya chini inapokea. Inavusha bonde hadi kwa shangazi, dada yake baba, mwenye sauti ya kumshtua ng'ombe aliyelala, naye anaipeleka mpaka nyumba za mwisho. Hapo ndipo watu hutia tende mdomoni. Simu wanazo, na kalenda za Ramadhani zimebandikwa ukutani, lakini hakuna anayezitazama.

"Kalenda ya Dar es Salaam ni ya Dar es Salaam," baba husema. "Kila mahali na jua lake."

Hata jirani yetu Mlutheri hupakuliwa chakula kwa sauti hiyo. Yeye na baba walichunga mbuzi pamoja na wametaniana tangu hapo. Anasema mwezi wa Ramadhani mkewe hana saa nyingine nyumbani ila koo la baba.

Basi, Ramadhani iliyopita, siku za mwanzo, ukungu ulishuka tangu adhuhuri. Ulikuwa ule ukungu wetu mzito unaokufichia hata mbuzi uliyemshika kamba. Jiwe jeupe halikuonekana, mlima wenyewe haukuonekana. Baba alikuwa kwenye ukingo wake, amejifunika koti, masikio wima. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko, magimbi yakitokota, redio kigodani.

Na nikawanasa Waarabu! Ilikuwa bado mchana. Sijawahi, katika miaka yote ya ugonjwa huu, kumshika Mwarabu mapema namna ile. Sauti ilitoka chini ya mikwaruzo, nyembamba, ikazama, ikatoka tena. Nikaigeuza redio kidogo kuelekea kwenye mgomba. Ikapanda. Nilisikia mtu akitaja Makka, halafu kimya kifupi, halafu adhana.

Nilipandisha sauti hadi mwisho. Nani asingepandisha? Adhana ya Makka yenyewe, saa ile ile inayoadhiniwa, kwenye redio yenye ufa iliyokuwa ikizuia turubai! Nilisimama pale na mwiko mkononi, machozi yakinilenga. Sauti ilikuwa ikivimba na kufifia na kurudi, kama vile adhana yetu inavyovuka mgongo wa mlima siku ya upepo mbaya.

Ndipo nikamsikia baba akiita.

Nilitupa mwiko. Nilizunguka nyumba mbio nikipiga kelele, "Baba! Ni Makka! Baba, ni redio!" Yeye alikuwa ameshanigeukia, mdomo ukitafuna, kokwa ya tende kwenye kiganja. Chini yetu nyumba ya kwanza ilishapokea. Nilipiga kelele tena, lakini sauti yangu mimi ni ya kuzungumza na redio, haivuki hata kitalu cha kabichi. Shangazi akapokea kule ng'ambo, ndani ya ukungu, kwa nguvu zake zote na furaha yake yote. Tulisimama mimi na baba tukiisikia habari ikienda, nyumba kwa nyumba, mpaka ikatuishia masikioni.

Baba alitema tende. Akasukutua, akakaa juu ya gunia la karoti na kungoja. Tulingoja muda wa uji kuchemka na kupoa. Kisha upepo ukaleta adhana ya msikiti wetu, kipande kwa kipande, na mteremko mzima ukaisikia na vikombe mkononi. Mbwa tu ndiye aliyebweka.

Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo wasemavyo, na siku ile wa kwao walikula kwelikweli.

Wa kwanza kufika alikuwa Mlutheri, akitokea kwenye ukungu na kurunzi. "Mghosi," alimwambia baba, kama Washambaa tunavyomwita mzee, "mimi sina saumu ya kulipa. Ila maharage yangu nimeyatafuna yakiwa mabichi, na hayo nani atanilipa?" Siku nyingine baba angemjibu neno la kumnyamazisha wiki nzima. Siku ile alimwambia tu, "Nisamehe, ndugu yangu," na Mlutheri akaingiwa na hofu, akakaa, akazima kurunzi.

Kesho yake baba alivuka mlima kwenda kumwuliza ustadhi wa msikitini. Jibu lilikuwa lile tulilolijua: siku ile haikuhesabika, kila aliyefungua atailipa baada ya Idi, siku yoyote apendayo. Baba akapita nyumba kwa nyumba mwenyewe kulisema. "Nimewafuturisha mchana," aliwaambia. Redio hakuitaja hata mara moja. Watu walimpokea vizuri, wakamkaribisha, wakacheka kidogo, na yeye hakucheka. Alimwomba ustadhi awe anampigia simu shangazi jua likizama, naye shangazi aanzie ng'ambo.

Kwa hiyo baba aliacha kuita. Koo lililokuwa la babu na kisha la kwake lilinyamaza ndani ya mwezi mtukufu, na mimi nilikuwa namwona saa ile ya jioni akizungukazunguka ua, akiokota vijiti visivyohitajika. Niliumia. Niliifunga redio kwenye gunia nikaitia darini pamoja na mbegu za maharage, nikaapa.

Kiapo changu hakikudumu. Ninakiri hilo bila aibu, mgonjwa ni mgonjwa. Ila aliyeishusha redio hakuwa mimi. Jioni moja nilitoka kuchota maji nikamkuta baba nyuma ya jiko, kigoda kimekaa mahali pake, redio juu yake, naye anahangaika kuunga waya wa mgrivea mahali usipoingia.

"Ile ya Makka," aliniuliza bila kunitazama, "inafikaje mapema?"

Nilimweleza kuhusu giza na upande linakotoka, na siku fupi za kaskazini. Nilipofika katikati alinikatiza.

"Kwa hiyo hawakukosea. Wao walikuwa na jua lao."

"Ndiyo, baba. Kila mahali na jua lake."

Alininyooshea kidole, nikajua kwamba nimemrudishia maneno yake na kwamba amependa. "Washa," alisema.

Tukawanasa. Adhana ya Makka ilikuja ikivimba na kufifia, na baba akafunga macho. Ilipokwisha hakuondoka. Alitaka kujua muda uliobaki hadi shangazi aite, naye saa hana, basi akaanza kuupima kwa kazi. Siku ile, kati ya jua la Makka na jua letu, aliwahi kukata majani ya mbuzi, kuyafunga na kuyabeba hadi bandani. Siku chache baadaye aliwahi kuyakata na kuyafunga tu. Nilidhani amechelewa kuanza. Yeye akasema hapana.

"Wanatusogelea," alisema.

Na kweli walikuwa wanatusogelea! Siku za kaskazini zilikuwa zinarefuka, zetu zinapungua, na jua la Makka likawa linachelewa kuzama kila jioni kidogo, kama mtu anayekungoja njiani. Mimi sikuwa nimeliona jambo hilo. Nimesikiliza miaka yote hiyo nikikimbilia stesheni mpya, sijakaa na moja siku baada ya siku. Baba alikaa. Kazi za kupimia zikawa ndogo zaidi: kuchota ndoo moja, halafu kutia udhu, halafu kuvaa kofia. Kila jioni tulikuwa nyuma ya jiko tumeinamia redio vichwa vikigusana, tukizozana kuhusu upande wa kuigeuzia. Yeye anaupenda upande wa mgomba, mimi nasema mgomba umehama tangu tulipokata shina la zamani tukaacha jipya la pembeni. Magimbi yaliungua mara kwa mara.

Idi ikaja, ikapita. Watu wakaanza kulipa siku yao, kila mmoja kimyakimya? Hapana. Hakuna aliyelipa. Nilimwuliza shangazi mbona hajafunga, akaniambia, "Tunamwangalia kaka. Atakapolipa yeye, tutalipa."

Baba alikuwa anaingoja siku yake. Alikuwa amekwisha kunieleza: atalipa siku ambayo jua la Makka na jua letu litazama pamoja. "Niliwatangulizia watu jua la wenzao," alisema. "Nitalipa siku ambayo jua lao ni letu." Hakuna kitabu kinachodai hivyo, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Ilikuwa hesabu ya moyo wake. Tulikuwa tukisikiliza, na pengo likabaki la kuvaa kiatu kimoja, kisha likabaki la kukohoa. Jumapili jioni alisema, "Kesho." Mimi nilimwambia mwanamke mmoja tu kisimani. Inatosha.

Jumatatu mteremko mzima ulifunga. Nilijua kwa moshi, maana mchana hakuna jiko lililofuka. Baba alipalilia karoti akiwa amewapa mgongo, lakini nilimwona akigeuka mara kwa mara kutazama mapaa yasiyo na moshi.

Hofu yangu ilikuwa moja tu. Masika yalikuwa yamekwisha kuingia, na radi, hata iliyo mbali, hupasua masafa ya kati vibaya mno. Alasiri ilinyesha, ikaacha, mbingu ikasafishika mpaka jiwe jeupe likang'aa juu ya mlima kama sahani iliyooshwa. Ila upande wa Zirai bado kulikuwa na wingu jeusi linalomeremeta kwa ndani, na kila likimeremeta redio ilipiga kofi. Nilikaa chini. Nilibadilisha betri zote, nikamwagia maji waya wa ardhini, nikaigeuzia redio upande wa mgomba, upande wa banda, kote. Mikwaruzo. Kofi. Mikwaruzo. Baba amesimama nyuma yangu kanzuni, na jua kwenye jiwe limebaki ukanda mwembamba.

"Igeuzie mgombani," alisema.

"Nimeshageuza, baba."

"Shina jipya."

Niligeuza kidogo tu. Ikaja! Ikaja nzito na safi kuliko siku zote, mtu akitaja Makka, halafu kimya kile kifupi ninachokijua. Jiwe likazimika. Nilimwangalia baba. Adhana ikaanza.

Siku ile kila mtu mwenye macho aliliona jua likizama. Hakukuwa na ukungu wala shaka. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Nilichungulia pembeni ya nyumba, nikawaona watu wamesimama nje ya nyumba zao, mteremko wetu na wa ng'ambo, wameshika vikombe. Mlutheri naye alikuwa mlangoni kwake na sahani yake ya maharage. Wala hakuna aliyepeleka mkono mdomoni. Hata shangazi, ambaye tangu siku ya ukungu ndiye aliyekuwa akiita, alikuwa amefunga mdomo.

Baba alikuwa bado nyuma ya jiko, tende mkononi, akiisikiliza redio. Hakuwaona.

"Baba," nilimwambia, "njoo utazame."

Alizunguka nyumba. Alisimama akawatazama, na wao wakamtazama, mpaka shangazi akashindwa kuvumilia.

"Kaka!" alipiga kelele toka ng'ambo, bonde zima likasikia. "Tunakungoja wewe! Ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Baba alikwenda kwenye ukingo wa shamba. Alinipa tende nimshikie, akaweka kiganja sikioni, akaita. Sauti yake ya kwanza ilikatika, akaita tena. Nyumba ya chini ikapokea, shangazi akapokea, nikaisikia ikienda hadi nyumba za mwisho. Nyuma ya jiko redio nilikuwa sijaizima, na Makka ilikuwa inaendelea kwa sauti yote. Lakini iliyovuka bonde ilikuwa ya baba.